Ukikaa kwenye kompyuta ya umma, nani anabaki na taarifa zako?

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, foleni hujipanga kwenye steshenari. Hapa Nzuguni, kuanzia maeneo ya stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai hadi kwenye viwanja vya Nanenane, kijana anaingia na bahasha mkononi. Ndani yake kuna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya NIDA, picha na taarifa za mdhamini wake. Anayemhudumia anaskani kila kitu, anamfungulia akaunti, anamchagulia neno la siri na kulipa malipo ya Serikali kwa simu. Kijana anashukuru na kuondoka.

Karatasi zimerudi kwenye bahasha. Nakala zake zimebaki ndani ya kompyuta, na neno la siri analijua mtu mwingine.

Ndugu msikilizaji, hatuwalaumu wenye steshenari. Bila wao vijana wengi wa Nzuguni, Ihumwa, Mtumba na vijiji vya Chamwino wangekosa mkopo, na wengine wangeshindwa kuomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Lakini serikali inapohamishia huduma zake mtandaoni, swali moja linakuwa kubwa zaidi: mtu asiye na kompyuta nyumbani akakae wapi afanye mambo yake mwenyewe, bila mtu kumchungulia? Jibu la kawaida duniani ni maktaba ya umma. Ndiyo maana kanuni za maktaba, ambazo wengi wetu tunadhani zinaishia kwenye "usipige kelele", zinatuhusu hata sisi tusioazima vitabu.

MAKTABA NI YA NANI?

Nchi yetu ilianza mapema. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1975 ikaja Sheria Namba 6, ambayo ndiyo msingi wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyo ndiyo inayosimamia maktaba za mikoa, ikiwemo ile iliyopo mjini Dodoma.

Wazo la wakati ule lilikuwa rahisi. Mtu anajua kusoma, hana hela ya kitabu, basi kitabu akikute mahali pa umma. Maktaba ilikuwa na kumbukumbu ya kitabu ulichoazima ili ukirudishe. Ukisharudisha, habari imekwisha. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kwamba mwezi Machi ulisoma kitabu cha magonjwa ya kina mama au cha sheria ya mirathi.

Kompyuta ni kitu kingine. Yenyewe inakumbuka. Ukitafuta dalili za ugonjwa, ukisoma kuhusu talaka, ukifungua barua pepe ya mwajiri, alama zinabaki mpaka mtu azifute. Kwa hiyo maktaba inapoweka kompyuta na intaneti, inapata kazi mpya ambayo haikuwepo mwaka 1967, kazi ya kulinda siri za msomaji.

DAFTARI NA KAMERA

Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Wengi wanazikumbuka kwa sababu ya leseni za bloga. Lakini zilikuwa na sehemu inayowahusu wenye intaneti kafe pia. Walitakiwa kumsajili mtumiaji kwa kitambulisho kinachotambulika, kufunga kamera za ulinzi, kuweka njia ya kuzuia maudhui yaliyokatazwa, na kubandika kanuni za matumizi mahali panapoonekana. Picha za kamera na daftari la watumiaji vilitakiwa kutunzwa kwa miezi 12. Mwaka 2020 kanuni hizo zilifutwa na kuandikwa nyingine, lakini mazoea ya daftari mlangoni yameshakaa: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Daftari lina sababu zake, tusizidharau. Nani hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Matapeli wapo, na kompyuta ya umma inaweza kuwa maficho yao. Pia mashine za umma ni mali ya wote. Zikiharibiwa, lazima ijulikane nani alikuwa amekaa hapo.

Tatizo ni pale daftari linapoachwa wazi juu ya meza. Kila anayekuja kuandika jina lake anasoma majina na namba za simu za waliomtangulia. Binti aliyeandika namba yake saa nne asubuhi anaanza kupigiwa na mtu asiyemjua saa kumi jioni. Hapo daftari la usalama limegeuka kuwa hatari. Kumbuka pia kwamba kujua nani alikaa kwenye kiti namba tatu kunatosha kulinda mashine. Haihitajiki kujua alikuwa anasoma nini.

SHERIA IMESHABADILIKA

Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Kwa miaka mingi maneno hayo yalikosa sheria ya kuyatekeleza katika mambo ya kila siku kama daftari la mlangoni.

Sasa ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kwa lugha ya kawaida, sheria hii inamwambia yeyote anayekusanya taarifa zako mambo haya: kusanya kwa sababu halali na iliyo wazi, kusanya kinachohitajika tu, usikitumie kwa kazi nyingine, usikitunze kuliko muda unaohitajika, na kilinde kisivuje. Wewe mwenye taarifa una haki ya kujua nini kimeandikwa juu yako, kuomba kirekebishwe kama kimekosewa, na kulalamika kwenye Tume. Taarifa za afya, za dini na za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazotakiwa kulindwa zaidi.

Sheria hii haihusu kampuni kubwa za simu peke yake. Inazigusa taasisi za umma na za binafsi, kwa hiyo maktaba imo, na steshenari yenye nakala za vyeti vyako haiko mbali nayo.

Hata hivyo, tusiipambe sheria kuliko ilivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru mtu mwenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi azitoe. Mkutubi akipewa amri hiyo hawezi kuifumbia macho. Ndiyo maana swali la muda ni la msingi sana. Kilichofutwa kwa utaratibu uliotangazwa, baada ya muda uliotangazwa, hakiwezi kutolewa kwa mtu yeyote, awe polisi, tapeli au jirani mwenye kiherehere. Maktaba isiyolimbikiza haina cha kuvujisha.

Wenzetu wameshapita njia hii. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa jimbo la Connecticut nchini Marekani walipelekewa barua na wapelelezi wa FBI wakitakiwa kutoa taarifa za watumiaji wa kompyuta, bila amri ya mahakama, na wakakatazwa hata kusema kwamba barua hiyo ipo. Walikataa wakaenda mahakamani. Mwaka uliofuata katazo la kusema likaondolewa na FBI ikaacha dai lake. Nchi yao ina sheria zake na sisi tuna zetu, lakini kisa chao kinaonyesha kwamba mkutubi anayejua kanuni za kazi yake ni ngao ya msomaji.

KUZUIA TOVUTI

Wazazi wengi wanauliza kuhusu watoto. Maktaba ikiwa na intaneti, mtoto wa darasa la sita atafungua nini? Wasiwasi huo ni wa haki, na kuchuja picha za ngono kwenye mashine za watoto ni jambo ambalo wengi wetu tutakubaliana nalo.

Ugumu ni kwamba chujio halina akili. Likiambiwa lizuie neno fulani la mwilini, linaweza kumzuia pia mama anayetafuta habari za saratani ya matiti. Marekani ilikutana na jambo hili. Sheria yao ya mwaka 2000 inazitaka maktaba zinazopokea fedha fulani za serikali kuweka vichujio, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliikubali mwaka 2003, hoja mojawapo ikiwa kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi aliondoe chujio. Kwetu busara hiyo inafaa: mashine za watoto zitengwe, na mtu mzima aweze kuomba afunguliwe bila kuhojiwa anatafuta nini.

UKUMBI NAO NI WA NANI?

Maktaba si meza na rafu peke yake. Panapokuwa na chumba cha mikutano, vikundi vitakitaka: VICOBA wanaohesabu hisa zao, wakulima wa zabibu au alizeti wanaojadili bei, vijana wanaoandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, kwaya, madrasa, chama cha siasa. Nani apewe, nani anyimwe?

Jibu la haki ni kanuni moja kwa wote, iliyoandikwa kabla ya mtu kuomba. Aliyetangulia kuomba atangulie kupata. Ada, kama ipo, iandikwe ukutani. Muda wa kutoka ujulikane. Kama maktaba imeamua kutopokea ibada au mikutano ya vyama, ikatae ya wote. Kumpa mmoja na kumnyima mwenzake kwa sababu msimamizi anampenda au hampendi ni ubaguzi, na Ibara ya 13 ya Katiba inaukataa. Ibara ya 20 nayo inatoa uhuru wa watu kukutana kwa hiari na amani.

Na hapa pia faragha inaingia. Msimamizi wa ukumbi anahitaji jina la kikundi na la mtu mmoja wa kuwajibika kiti kikivunjika. Orodha ya wote waliohudhuria ni ya kikundi chenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, unapofika kwenye kompyuta yoyote ya umma, tafuta kanuni ukutani. Usipoziona, uliza kwa adabu maswali matatu: mnaandika nini kunihusu, mnakitunza muda gani, na nani anaruhusiwa kukiona? Mwenye nia njema hatachukia.

Pili, neno la siri liandike kwa mkono wako mwenyewe. Kama mtu mwingine amekufungulia akaunti, libadilishe siku hiyohiyo kwa simu yako. Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi neno la siri, kataa.

Tatu, kabla hujainuka, toka kwenye akaunti zako zote. Omba nakala za vyeti ulizoskani zifutwe mbele ya macho yako, kwenye kompyuta na kwenye fleshi, na pale panapowekwa vilivyofutwa napo pasafishwe.

Nne, kwa viongozi wetu. Kata ya Nzuguni inakua haraka, na jiji la Dodoma nalo linakua. Diwani anapozungumzia ofisi ya kata, kituo cha vijana au maktaba ya shule itakayofunguliwa kwa jamii, muulizeni kwenye mkutano wa mtaa kuhusu kompyuta, na mkishamaliza kompyuta muulizeni kuhusu kanuni zake. Mashine tano bila utaratibu zitakuwa steshenari nyingine, tena isiyo na mwenyewe. Karatasi moja ukutani, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kusainiwa na msimamizi, haigharimu hata shilingi elfu moja.