TURUDISHIENI KIGONGO CHETU

Maoni ya msichana wa Kidato cha Tatu

Wahenga walilonga kuwa mcheza kwao hutuzwa. Mimi nauliza: na yule aliyekosa pa kuchezea, atatuzwa na nani? Wasomaji wapenzi wa jarida letu, naomba mnisikilize kidogo. Sina ugomvi na mtu. Nina dukuduku tu moyoni, na chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa wa kulitoa.

Mada yangu ni raundasi. Naam, ile ile ya shule ya msingi! Najua wengine wenu mmeshaanza kucheka. "Ati huyu, kidato cha tatu, bado anawaza raundasi?" Chekeni, lakini msifunge ukurasa.

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa mrushaji wa timu ya shule yetu ya msingi, huku juu kuelekea msitu wa Nyandarua. Uwanja wetu, kama viwanja vingi vya hapa Tetu, umeinama kama paa la nyumba. Ukiupiga mpira upande wa chini, unaingia moja kwa moja katika majani chai. Sisi wenyeji tulijua vichaka ambavyo mpira hupenda kujificha, wageni hawakujua. Basi wao wakitafuta, wewe unazunguka vigingi vinne kwa raha zako. Mpira ukipotea kabisa, tulitengeneza mwingine kwa soksi kuukuu na kamba ya katani, na mchezo ukaendelea.

Siku ya fainali ya zoni sitaisahau katika maisha yangu. Baba yangu alikuwa akitoka kituo cha kuuzia majani chai, kikapu kitupu mgongoni. Huyu ni mzee ambaye shuleni huja kwa jambo moja tu, akiitwa kwa ajili ya karo. Siku hiyo akasimama kwenye ua kutazama, nadhani kwa kupumzika tu. Zamu yangu ya kupiga ikafika. Nikaugonga mpira, nikatimua mbio. Ghafla nikasikia sauti: "Kimbia, Maitũ! Kimbia!" Mimi nimepewa jina la mama yake, na kwa desturi yetu ya Kikuyu yeye huniita Maitũ, yaani mama. Watu wakaangua kicheko kumwona mwanamume mzima akimlilia mamake uwanjani. Yeye hata hakujali.

Tulishindwa kwa alama moja. Lakini jioni hiyo, wee! Baba alipanga viazi vinne sakafuni jikoni, akaniambia, "Haya, Maitũ, nieleze. Hiki ni kigingi cha kwanza. Kwa nini yule msichana wa shati la kijani alitolewa?" Tulikaa pale mpaka mama akataka viazi vyake avipike. Toka siku hiyo, mimi na baba tulipata kitu cha kuzungumza ambacho si karo wala ng'ombe.

Kisha nikajiunga na sekondari. Wiki ya kwanza tu nikauliza, "Mwalimu, timu ya raundasi hufanya mazoezi lini?" Nikajibiwa kwa upole kwamba huo ni mchezo wa watoto, hapa wasichana wana netiboli na voliboli. Vigongo vyenyewe vipo. Kimoja nimekiona kwa macho yangu katika stoo ya michezo: kimewekwa kushikilia dirisha lisijifunge.

Hapo ndipo ninapopinga, tena kwa heshima zote. Kwanza, si kweli kwamba mchezo huu ni wa watoto. Raundasi ina ndugu wakubwa wawili, besiboli na softiboli. Katika softiboli mrushaji hutupa mpira kwa mkono wa chini, vile vile tunavyorusha katika raundasi. Mpigaji huugonga, hukimbilia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha hurudi nyumbani. Hata wenye mchezo wao huita mahali pale nyumbani! Softiboli ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka 1996, ikaondolewa baada ya 2008, ikarudishwa Tokyo katika michezo iliyochezwa 2021, na imewekwa tena katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Mwanamke wa Kijapani aitwaye Yukiko Ueno alirusha mipira 413 katika mechi tatu kwa siku mbili mjini Beijing mwaka 2008, na Japani ikatwaa dhahabu mbele ya Marekani. Mwaka 2021, akiwa na miaka 39, alirudi akashinda dhahabu tena. Je, huyo naye ni mtoto?

Pili, kuna wanaosema kwamba huo ni mchezo wa Wamarekani matajiri. La hasha! Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887 wakati vijana fulani waliokuwa ndani ya ukumbi walipoikunja glavu ya ndondi, wakaifunga ikawa mpira, kisha wakaipiga kwa mpini wa ufagio. Wana tofauti gani na sisi wa soksi na kamba ya katani? Tena kandanda nayo ilitoka ng'ambo, na sijasikia mtu akiikataa kwa sababu hiyo.

Tatu, tusiseme kwamba watoto wa Afrika Mashariki hawauwezi. Mwaka 2011 timu ya vijana kutoka Kampala ilifuzu kwa mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, lakini haikwenda kwa sababu ilinyimwa viza. Wenzao hawakukata tamaa. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, mji wa miwa ulio kando ya barabara ya Kampala na Jinja, walikwenda wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliilaza Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Na Dominika, jamani, ni nchi inayoishi kwa besiboli kama vile sisi tunavyoishi kwa riadha! Ikiwa jirani wetu ameweza, kwani sisi tuna kasoro gani?

Najua swali litakalofuata: pesa ziko wapi? Mimi ni mtoto wa mkulima, siwezi kudharau swali hilo. Glavu ni ghali, nakubali. Lakini kuna mchezo mpya uitwao Baseball5. Hautaki glavu wala kigongo. Unapiga mpira wa raba kwa kiganja chako. Timu ina wachezaji watano, wavulana na wasichana pamoja, na uwanja wake ni mdogo. Umeingizwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, ya mwaka 2026. Tunaweza kuanzia hapo, huku kile kigongo cha dirishani kikitusaidia kwa raundasi.

Na muda je? Sisi wa shule ya kutwa hatuna jioni ndefu. Kengele ya mwisho ikilia, mmoja anakimbilia kukata nyasi za ng'ombe, mwingine kuteka maji, na ukungu wa mwezi wa Julai hausubiri mtu. Ndiyo maana siombi kila siku. Naomba Ijumaa moja tu kwa wiki, saa moja ya michezo ambayo tayari imo kwenye ratiba.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni nyingine. Netiboli hupenda warefu. Riadha hupenda wepesi. Raundasi humpokea kila mtu. Kapteni wetu wa darasa la saba alikuwa mfupi na mnene, na mbio zake zilikuwa za kuchekesha. Lakini mkono wake ulipoukuta mpira, hata waamuzi waligeuza shingo. Leo tuko naye shule moja. Saa ya michezo hukaa kando ya uwanja akiwashikia wengine sweta. Nilipomuuliza kama anakumbuka, alicheka kidogo, akasema, "Wacha hayo, tulikuwa wadogo." Sikukipenda kicheko kile. Mtu wa miaka kumi na sita kuongea kama nyanya anayekumbuka ujana wake!

Hapa Tetu tuna mfano wa kutupa moyo. Marehemu Wangari Maathai wa Ihithe hakuwa akienda shule mpaka siku kaka yake alipomuuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao. Swali dogo la mtoto, na mwaka 2004 likatuletea tuzo ya Nobel. Mimi sidai Nobel. Lakini nami nina swali langu dogo: kwa nini msichana afundishwe jambo miaka minne, alipende, watu wa kijiji waje kumtazama, halafu aambiwe aliache mlangoni pa sekondari?

Majuzi baba aliniuliza, "Maitũ, siku hizi hamchezi?" Nikamjibu, "Tunasoma, Baba." Akatikisa kichwa, akaendelea kunywa chai yake. Hakuna aliyepanga viazi.

Walimu wetu wapendwa, na nyinyi viranja wa michezo, ombi langu ni hilo. Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na Ijumaa moja. Wavulana pia karibuni, mtacheka mkichoka kucheka. Na hilo dirisha la stoo lisiwape wasiwasi. Nitaleta kijiti kingine kutoka nyumbani.