MASHINE HUPIMA JIBU, HAIPIMI KAZI



Wengi wetu tuna mtoto, au mtoto wa ndugu, anayesoma fizikia, kemia au hesabu chuoni. Ada yake inatoka katika chai tunayochuma na miwa tunayokata, kwa hiyo mambo ya chuo yanatuhusu. Siku hizi katika vyuo vingi mwanafunzi hapeleki tena daftari kwa mwalimu. Anapewa mazoezi kwenye kompyuta au simu, anaandika jibu, na mashine inamwambia hapo hapo: umepata, au umekosa, jaribu tena.

Mimi niliishia darasa la saba, wala sioni haya kulisema jambo hili, maana kiini chake tunakijua. Mizani ya chai hupima uzito wa majani. Haipimi mgongo unaouma, wala haijui kama majani ni yako au umeongezewa na jirani. Mashine ya mazoezi nayo ni mizani. Mara nyingi inaona namba ya mwisho tu, haioni njia iliyopitwa.

Huko Marekani, katika chuo cha MIT, watafiti wa fizikia walichunguza mazoezi ya namna hii na kutangaza matokeo mwaka 2010. Mashine huweka kumbukumbu ya saa na dakika, basi waliweza kutambua majibu yaliyoletwa upesi mno, yaani ya kunakili. Kunakili kulizidi kadiri saa ya mwisho ilivyokaribia. Wanafunzi wengi, ambao hawakunakili hata sehemu moja ya kumi, walifanya kazi pole pole katika siku tatu za mwisho. Walionakili zaidi ya asilimia 30 hawakujishughulisha sana siku za mwanzo. Mtihani ulipofika, maswali ya aina ile ile waliyonakili yaliwashinda, na yalizidi kuwashinda muhula ulivyoendelea.

Kwa hiyo mwambieni kijana: kalamu kwanza. Alifanye swali lote daftarini, pamoja na vipimo vyake, mita, kilo, sekunde, ndipo aguse simu. Akiambiwa amekosa, arudi daftarini kuutafuta mstari ulioharibika, asibahatishe namba nyingine kama mcheza bahati nasibu. Jibu likikubaliwa naye hajui kwa nini, hilo bado ni deni, alipeleke kwa mwalimu. Kusoma kwa kikundi ni kuzuri. Mifumo mingi humpa kila mwanafunzi namba zake tofauti, basi wenzake watampa njia, hesabu atapiga mwenyewe. Na aanze mapema. Sisi tunaujua umeme wetu, hukatika usiku ule ule unaouhitaji.

Kuna jambo la fedha pia. Huko Marekani makampuni ya vitabu, kama Pearson na Cengage, huuza namba ya kuingilia kwenye mazoezi. Kitabu kikuukuu unaweza kuazima au kumwuzia mwenzako. Namba hiyo ni ya mtu mmoja na ina muda wake, ukiisha mlango umefungwa. Asiyelipa hakosi kitabu tu, anakosa na alama. Lakini ipo mifumo ya bure. WeBWorK ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Rochester miaka ya 1990, na STACK ilianzia Uingereza. Hiyo STACK imetumika hata kwa jirani zetu Kenya, katika Chuo Kikuu cha Maseno, kwa madarasa makubwa ya hesabu.

Basi chuo kikimwambia mzazi anunue namba ya kuingilia, tuulize kwa nini haukuchukuliwa ule wa bure. Tuulize na la pili: zile saa ambazo mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari, zimekwenda wapi? Kama anakaa na wanafunzi waliokwama, vizuri, mashine imefanya kazi yake. Kama mwalimu mwenyewe ameondolewa, habari hiyo tunaifahamu tangu kiwandani. Wenye watoto chuoni walete maswali haya kwenye mkutano wa tawi, ili barua iandikwe kwa jina la chama na si kwa jina la mzazi mmoja mmoja.