Nyumba ya Chokaa Haitibiwi kwa Saruji

Kila anayeandika kuhusu Mji Mkongwe wa Unguja huanza na mlango: mbao nzito, misumari ya shaba, maua yaliyochongwa. Nimesoma insha nyingi za aina hiyo na zimenichosha. Nyumba haianguki mlango, inaanguka ukuta, na ukuta hakuna anayeuandika.

Basi nauandika mie ninayeishi ndani yake. Saruji inaziua nyumba zetu, na mauaji hayo tunayaita ukarabati.

Hebu tuuangalie ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, mnene kiasi cha nusu mita au zaidi. Ukuta huu hunywa maji: ya mvua kutoka juu, ya ardhini kutoka chini. Chokaa huyaachia yatoke, jua likiwaka ukuta ukakauka. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi. Maji yanabaki ndani pamoja na chumvi yake. Mwanzo ukuta unang'aa na kila mtu anakusifu. Baadaye lipu inavimba, inabanduka mapande mapande na kung'oka na mawe yake. Hapo bado si balaa. Balaa ni boriti. Vichwa vya boriti za mikoko vimezama ndani ya ukuta huohuo, na ukuta ukikaa umelowa, vichwa vinaoza. Ukitazama, dari lipo palepale. Siku moja halipo.

Utasema nyumba ni yako na pesa ni zako. Sawa, ukuta je? Huku kwetu nyumba zimeegemeana, na ukuta mmoja una wenyewe wawili. Maji uliyoyazuia upande wako hutafuta njia, na njia ni kwangu. Chumba changu cha nyuma kimeota ukungu tangu upande wa pili ulipopigwa saruji. Jirani simtaji, tunasalimiana vizuri tu.

Najua majibu: eti chokaa inachelewa, ni ghali, mafundi wake wamekwisha. Kuchelewa kweli inachelewa, maana hushika polepole kwa kukutana na hewa. Lakini anayebandika saruji leo na kubandika tena baada ya miaka michache, huyo ndiye anayeokoa pesa? Na mafundi hawajaisha, hawaitwi. Fundi asiyeitwa kazini atamrithisha nani ufundi wake?

Mpangaji simlaumu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na nyingine ni za wakfu. Unakuta familia kadhaa chini ya paa moja, na paa halina mwenyewe. Mtu huyo hununua mfuko mmoja wa saruji kwa sababu ndio anaoumudu. Nawalaumu wenye uwezo: wanaogeuza nyumba kuwa hoteli, wakabakisha mlango kwa ajili ya picha, kisha ndani wakamimina zege juu ya kuta zisizojengwa kulibeba. Na nawalaumu wanaotoa vibali wasirudi kukagua.

Tumo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Sisemi ilikuwa saruji. Nauliza: ikiwa jumba mashuhuri kuliko yote linaweza kuua, nyumba ya kichochoroni isiyoangaliwa na mtu ina dhamana gani?

Zibeni paa kwanza. Tengenezeni mabomba yanayovuja. Bandueni saruji, rudisheni chokaa, na kibali kisitolewe bila sharti hilo. Na nyie wenzangu waandishi, mkija tena, piteni tu hapo mlangoni. Ingieni ndani, mtazame juu.