Kanga Iingie Darasani

Mwaka hadi mwaka Hisabati huwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watoto wetu wengi zaidi kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, nasi tumeshazoea. Mtoto anarudi na F, mzazi anasema hata yeye hesabu zilimshinda, na mambo yanaishia hapo. Naomba tukatae yaishie hapo. Sanaa tunayoishi nayo majumbani inaweza kufundisha somo hili, na kuipeleka shuleni ni kazi yetu sote.

Chukueni kanga. Mwalimu aitandike mezani, watoto waizunguke. Tuseme ina urefu wa sentimita 150, upana 110, na pindo la sentimita 20 kila upande. Awaulize: kipi kimekula kitambaa kingi, mji au pindo? Wengi watasema mji, maana ndio unaovuta macho. Haya, wapime. Kanga nzima ina sentimita za mraba 16,500. Mji ni 110 kwa 70, yaani 7,700. Pindo, ambalo tunaliona kama ukingo tu, limechukua 8,800, zaidi ya nusu! Mtoto aliyebishana na wenzake mpaka rula ikaamua hatasahau upesi eneo la mstatili. Kisha kanga ikunjwe katikati. Nyingi zitalaliana vizuri, ua juu ya ua, isipokuwa jina: maandishi yatakataa. Kwa nini? Waachwe wajieleze wenyewe, na somo la ulinganifu litakuwa limeshaanza kabla mwalimu hajashika chaki.

Au watazameni mafundi wa milango ya nakshi ya Lamu na Unguja. Ua la petali sita huchorwa kwa bikari moja isiyobadilishwa upana: inapiga hatua sita kuzunguka duara na kurudi pale pale ilipoanzia. Nyuma ya ua hilo kuna pembetatu sita zenye pande sawa, kila pembe nyuzi 60. Mtoto akilichora na kulipaka rangi, ameshaigusa kanuni kwa mkono wake.

Majirani zetu wa Msumbiji wametutangulia. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji na kufariki mwaka 2014, alichunguza vikapu na vitu vingine vya kusukwa, akaonyesha namna kifungo cha mraba kilichosukwa kinavyoweza kumfikisha mwanafunzi kwenye kanuni ya Pythagoras. Nasi tunao wasusi wa mikeka wanaohesabu miyaa ya rangi kila siku, maana idadi ikikosewa nakshi inaharibika. Wangapi kati yao wamewahi kualikwa kwenye kipindi cha Hisabati?

Wapo watakaosema sanaa itakula muda wa kujiandaa na mtihani. Lakini pembe, eneo na ulinganifu vimo tayari katika muhtasari. Kinachobadilika ni njia ya kuvifikia. Ila nasisitiza jambo moja: kupaka rangi peke yake si Hisabati. Picha isiyopimwa, isiyokunjwa wala kuhojiwa ni pambo la ukutani. Lazima mtoto ahesabu.

Kwa hiyo wazazi, iazimeni shule kanga zenu, na vikapu na mikeka. Walimu, chagueni mada moja tu kwa muhula na mwanzie hapo. Msiokuwa na uzoefu, waombeni wenzenu waje kuangalia na kusaidia. Wasusi na mafundi, mkiitwa itikieni, nanyi kamati za shule muwalipe hata kama ni nauli na posho ndogo, kwa sababu ujuzi wao ni kazi kama ya mwalimu. Na katika mkutano ujao wa wazazi, mmoja wetu anyooshe mkono aulize ni lini kipindi cha kwanza kitafanyika, na asikae mpaka tarehe iandikwe.