Gari jipya linazima barabarani, kampuni inasema punguza mzigo kwenye funguo

Kuna hii kesi ya Chevrolet Cobalt ya Marekani, naisoma wiki ya pili sasa na kila nikidhani nimefika mwisho nakuta jingine. Wengi mnaijua juu juu: General Motors, swichi mbovu, watu 124 wamekufa. Mimi nataka tuangalie kitu kimoja ambacho naona kinapitwa. Malalamiko ya wenye magari yalifika. Yalifika mapema, tena yalikuwa ya kweli. Sasa ilikuwaje ikachukua karibu miaka kumi?

Tuanze na gari lenyewe. Cobalt ilianza kutengenezwa Lordstown, Ohio, mwishoni mwa 2004, ikauzwa kama toleo la 2005. Gari dogo, bei nafuu, la vijana na watu wanaoanza maisha. Halikukaa sokoni muda mrefu watu wakaanza kulalamika: unaenda zako vizuri tu, goti linagusa funguo, au gari linadunda kwenye shimo, mara injini imezima. Na ukiwa umening'iniza funguo za nyumba, za ofisi na mapambo, ndio kabisa. Hata waandishi wa magazeti waliopewa magari kuyajaribu yaliwakuta hayo hayo, wakayaandika mwaka 2005.

Fundi yeyote ukimwambia gari linazima, mkono unaenda kwenye plagi, pampu ya mafuta, nyaya. Lakini injini ya Cobalt ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye swichi ya kuwashia, pale unapoingiza ufunguo. Ndani yake kuna springi ndogo na kipini kinachoushika ufunguo usirudi nyuma wakati gari linatembea. Springi hiyo ilikuwa legelege. Swichi ilitengenezwa na kampuni ya Delphi, na mwaka 2002 injinia wa GM, Ray DeGiorgio, aliipitisha wakati nguvu yake iko chini ya kiwango walichokiweka GM wenyewe. Kwenye barua pepe zake mwenyewe aliiita swichi ya kutoka jehanamu. Halafu ikaenda kiwandani.

Ufunguo ukirudi nyuma, injini inazima, pawa stelingi inakufa na usukani unakuwa kama umemwagiwa zege, breki nazo zinakosa msaada. Lakini baya zaidi ni hili: ufunguo ukiwa pale ulipoteleza, mifuko ya hewa nayo imezimwa. Yaani gari limekufa ukiwa mwendo wa barabara kuu, umeshindwa kukata kona, unaenda kuvaa mti, na ile eabegi uliyoilipia haifunguki.

GM walifanya nini? Mwaka 2005 wahandisi walikaa, mapendekezo ya kurekebisha yakaletwa, na faili likafungwa kwa sababu gharama na muda havikulipa kibiashara. Msemaji wao akawaambia waandishi kwamba hata injini ikizima gari bado linaweza kuongozwa. Desemba 2005 wakatuma waraka kwa mawakala: mteja akija analalamika, mwambie atoe vitu vizito kwenye funguo, na mpe kipande kidogo cha kuziba tundu la ufunguo ili pete isining'inie sana. Waraka ulienda gereji za mawakala. Kwa mwenye gari ambaye hajalalamika, kimya.

Hapa ndipo penye kiini, kwa mawazo yangu. Kampuni haikukataa kwamba gari linazima. Ilikubali! Ila iliiweka habari hiyo kwenye droo ya usumbufu kwa mteja, sio droo ya usalama. Mie nimeishia kidato cha nne, ufundi sijasomea, lakini tofauti ya droo hizo mbili naielewa. Jambo la usalama unarekebisha hata kama linauma mfukoni. Usumbufu unapigiwa hesabu kwanza. Na kwenye kikao cha Bunge la Marekani Aprili 2014, mbunge Diana DeGette alisema kipande cha kurekebisha kilikuwa cha senti 57. Senti, wadau, dola nzima haikufika.

Msije mkadhani habari ya maneno ni utani. Mwaka 2014 serikali ilipowabana, ilitoka nje mada ya mafunzo ya GM ya mwaka 2008, ina maneno 69 ambayo wafanyakazi waliambiwa wasiyaandike kwenye ripoti. Usiandike 'tatizo', andika 'suala' au 'hali'. Usiandike 'kasoro', andika 'haifanyi kazi kama ilivyobuniwa'. Hata neno Titanic lilikuwemo kwenye orodha! Ukimfundisha injinia kuandika hivyo, unategemea bosi wake aliye juu ghorofani ashtuke na nini?

Sasa aliyeshtuka alikuwa trafiki. Oktoba 2006 kule Wisconsin, Cobalt ilitoka barabarani, wasichana wawili wakafa, eabegi hazikufunguka. Trafiki wa jimbo aliyechunguza alikuta swichi haiko kwenye nafasi ya kuwaka. Akatafuta, akaupata waraka wa GM wa kutoa vitu vizito, akasoma malalamiko ya wateja wengine, na mwaka 2007 akaandika kwamba inaelekea ufunguo kuteleza na eabegi kutofunguka vinahusiana. Ripoti ile ilikuwemo kwenye mafaili ya GM. Mwanasheria Anton Valukas, aliyekodiwa na kampuni yenyewe kuchunguza, aliandika mwaka 2014 kwamba polisi aliunganisha kitu ambacho watu wa GM, waliolitengeneza gari, walishindwa kukiunganisha kwa miaka.

Kuna watakaosema baadhi ya waliokufa walikuwa wanakimbiza gari, au wamelewa, au hawakufunga mkanda. Ni kweli kwa baadhi. Na hicho ndicho kilichoisaidia swichi kujificha, maana kila ajali ilikuwa na mchawi wake wa karibu. Lakini eabegi imewekwa kwa ajili ya siku mtu amekosea, sio siku ameendesha kama malaika.

Halafu kuna hili la namba ya spea, ambalo mimi linanikera kuliko swichi yenyewe. Aprili 2006 DeGiorgio alisaini swichi ibadilishwe, ikaja yenye springi ngumu na kipini kirefu kidogo. Vizuri. Ila namba ya spea iliachwa ile ile ya zamani. Matokeo yake, wachunguzi waliokuja baadaye wakalinganisha Cobalt za mwanzo na za baadaye, wanaona za baadaye haziui vile, na karatasi zinasema swichi ni ile ile. Walizunguka hapo miaka.

Fumbo lilifumbuliwa nje ya kampuni. Machi 2010 nesi mmoja wa Georgia alikufa ndani ya Cobalt yake ya 2005, siku chache tu baada ya kuipeleka gereji akisema inazima njiani. Wazazi hawakukubali. Wakili wao Lance Cooper akamleta injinia Mark Hood, naye akafanya kitu ambacho fundi wa mtaani kwetu angefanya: akanunua swichi mpya, akaifungua, akaiweka kando ya ile ya zamani. Kipini hakilingani. Namba moja, vitu viwili. Mwaka 2013 DeGiorgio aliulizwa chini ya kiapo, akasema hakujua kama ilibadilishwa.

Februari 2014 ndipo magari yakaanza kuitwa yarudi, mwisho yakafika karibu milioni 2.6. GM walikuwa wanasema wanajua vifo 13. Mfuko wao wa fidia ulipofunga hesabu mwaka 2015 ulikuwa umekubali vifo 124 na majeruhi 275. Wafanyakazi 15 walifukuzwa, na Septemba 2015 kampuni ikakubali kulipa serikali dola milioni 900. Hakuna mtu mmoja aliyeshtakiwa. Na serikali isijifanye msafi: mamlaka yao ya usalama wa magari, NHTSA, ilipendekezewa kufungua uchunguzi mwaka 2007 ikakataa, 2010 ikaangalia tena, ikaacha.

Mtasema Cobalt sio gari la mitaa yetu. Sawa, sisi ni watu wa mitumba ya Japani. Lakini na huko magari huitwa yarudi, mfano eabegi za Takata, kampuni iliyofilisika Juni 2017. Kemikali ya ndani ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali kopo linapasuka na kumrushia dereva vyuma. Joto na unyevu, watu wa pwani mnanisikia? Na barua ya kuita gari inakwenda kwa mwenye gari kule Japani, haipandi meli na gari.

Namba ya chesisi iko kwenye kadi ya gari. Tovuti za Toyota, Nissan na Honda za Japani zina ukurasa wa kuiingiza uone kama gari liliwahi kuitwa. Ni Kijapani kitupu, ila programu ya kutafsiri inasaidia. Mwenye gari la miaka ya 2000 ajaribu leo kabla dakika zake hazijaisha, halafu aniandikie hapo chini aina ya gari, mwaka, na jibu alilopata. Namba kamili ya chesisi msiiweke hadharani.