Balansi ya Tairi Si Mbwembwe, Hata Uwanjani

Leo naomba nichokoze nyuki. Huku kwetu Kibamba kuna ubishi mmoja wa kijiweni ambao umenikera kwa muda mrefu, na kwa kuwa leo nina nafasi, nimeona niutoe hadharani tubishane vizuri. Ubishi wenyewe ni huu: tairi ya gari la mashindano, ile inayokwenda kukimbizwa uwanjani tu, ina haja gani ya kufanyiwa wili balansi?

Vijana wengi wanasema haina haja. Balansi, wanasema, ni mambo ya mabosi wanaotaka kusinzia njiani. Gari la mashindano lina springi ngumu, lina makelele, linatikisika kila kona. Sasa gramu 30 za risasi zitasaidia nini? Halafu wanamalizia kwa hoja inayonitisha kuliko zote: kama hata wakimbiaji hawabalansi, mimi mwenye kagari kangu ka kwenda Kariakoo na kurudi nabalansi ya nini?

Mimi nasema wamekosea mara mbili. Wamekosea kuhusu uwanja, na wamekosea zaidi kuhusu Barabara ya Morogoro.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana wengi wanachanganya balansi na alaimenti. Alaimenti ni kupanga tairi zitazame mbele sawasawa, zisivutane kama mume na mke waliogombana. Balansi ni habari ya uzito. Hakuna tairi wala rimu inayotoka kiwandani ikiwa na uzito ulio sawa kabisa pande zote. Kuna upande unazidi kidogo. Ukiizungusha, ule upande mzito unavuta kwenda nje. Kama uzito umezidi sehemu moja ya duara, tairi inarukaruka juu na chini. Kama umezidi upande wa ndani au wa nje wa rimu, tairi inayumba kulia na kushoto. Zikiwa za mbele, usukani unacheza mikononi. Zikiwa za nyuma, utasikia kwenye kiti.

"Lakini ni gramu tu, bwana!" Haya, tupige hesabu. Chukua gari dogo lenye rimu ya inchi 14 na tairi ya 175/65. Tuseme ukingo mmoja wa rimu umezidi gramu 50, uzito usiozidi wa kipande kidogo cha sabuni. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, zile gramu 50 zinaivuta tairi kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2. Ukifika 100, tairi inazunguka karibu mara 15 kila sekunde, na nguvu hiyo imekuwa kilo 8. Ukifika 140 ni kilo 16. Ukifika 200, mwendo wa watu wa uwanjani, imepita kilo 30. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Hiyo ni fizikia ya sekondari, wala si maneno ya muuza risasi.

Sasa niambieni, ni nani mwenye haja zaidi ya balansi: anayetembea 50 au anayekimbia 200? Hoja ya kwamba gari la kasi halihitaji balansi imesimama kichwa chini miguu juu.

Nawatendea haki wapinzani wangu, maana wana hoja mbili za maana. Ya kwanza: kwenye kiwanja kidogo cha kona za kubana, ambako mwendo haufiki hata 60, mtu anaweza kukimbia siku nzima na tairi isiyobalansiwa asisikie kitu. Ni kweli, hesabu yangu ya hapo juu inasema hivyo hivyo. Ya pili: tairi laini za uwanjani zina mshiko mkali mno. Ukikanyaga breki kwa nguvu zote, tairi inaweza kuteleza kidogo juu ya rimu yake, ikahama. Zaidi ya hapo, inaokota vipande vya mpira vilivyoachwa na wenzake njiani, na joto la breki linaweza kubandua zile risasi za kubandika kwa gundi. Kwa hiyo, wanasema, unabalansi asubuhi, mchana imeshaharibika. Kazi ya bure.

Jibu langu ni rahisi. Nguo huchafuka kila siku, lakini sijasikia mtu akisema kwa sababu hiyo tuache kufua. Wanaojua kazi yao huchora mstari wa chaki au rangi kutoka kwenye ukingo wa tairi hadi kwenye rimu. Mistari ikiachana, wanajua tairi imehama, wanairudisha kwenye mashine. Risasi wanazibandika kwenye rimu iliyosafishwa vizuri, kisha wanazifunika kwa utepe imara zisiruke. Wanabalansi tena na tena, kwa sababu wanajua inaharibika.

Mnaotaka ushahidi wa uwanjani, kumbukeni mashindano ya Formula One ya Nürburgring, Ujerumani, Mei 2005. Mwaka ule sheria ilikuwa dereva amalize mbio zote na tairi zile zile, labda ipate pancha au iharibike kiasi cha hatari. Kimi Räikkönen wa McLaren alikuwa anaongoza. Katikati ya mbio alibana breki, tairi ya mbele ya kulia ikafunga na kusagika upande mmoja, ikapata ubapa. Kuanzia hapo ikaanza kutetemeka, na kila mzunguko ikazidi. Watu tulioangalia kwenye runinga tuliona mguu wa gari ukitikisika kama una homa. Akavumilia. Alipoanza mzunguko wa mwisho na kukanyaga breki ya kona ya kwanza, mguu wa mbele ukakatika, gari likatoka nje, na Fernando Alonso wa Renault akapita akashinda.

Najua mtaniambia ule ulikuwa ubapa, haukuwa upungufu wa risasi. Sawa. Lakini kilichovunja chuma kile ni mtetemo wa tairi inayozunguka vibaya, ukigonga mara kwa mara mamia kwa maelfu. Kama mtetemo unaweza kukata mguu wa gari lililotengenezwa na mainjinia bora duniani, unadhani tairodi na beringi ulizonunua Ilala zinajisikiaje?

Halafu kuna wazee wa rali. Hawa nawaheshimu, maana Tanzania tuna historia. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Wazee wakishika hoja hiyo husema: "Wale walipita kwenye matope na mawe, rimu zimepinda, tope limejaa ndani ya tairi, na walishinda!"

Ni kweli kwamba kwenye vumbi na tope balansi haidumu. Sisi wa Kibamba hatuhitaji kufundishwa hilo. Masika yakiingia, ukitoka ndani ndani huko Kibwegere au Hondogo, tope la mfinyanzi linaganda ndani ya rimu. Ukipanda lami asubuhi kuelekea mjini, gari zima linatetemeka kama mashine ya kusaga. Ukisimama ukalikwangua tope, linatulia. Hiyo ndiyo maana ya balansi, mmeiona kwa macho bila mashine.

Ila msisahau jambo moja. Gari la rali lina watu wake wanaolisubiri mbele. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, kila timu ilikuwa na mafundi wa kulipokea gari, kukagua miguu na kubadilisha tairi, kisha linarudi tena vumbini. Wewe wa Kibamba nani anakungoja Ubungo na spana mkononi? Gari lako linakaguliwa siku likigoma.

Hapa ndipo napofika kwenye hoja yangu kubwa, ambayo vijiweni sijawahi kuisikia. Balansi haifanywi kwa ajili ya starehe. Inafanywa ili gari liweze kukupa habari.

Mimi ni mwandishi wa habari, nitalieleza kwa lugha ya kazi yangu. Mtetemo ni habari. Nati zikilegea, gari linatetemeka. Beringi ikianza kufa, gari linatetemeka. Tairi ikianza kuachana nyuzi zake kwa ndani na kufanya uvimbe, kabla haijapasuka, gari linatetemeka. Bolijointi ikilegea, gari linatetemeka. Dalili ya mvua ni mawingu. Sasa kama gari lako linatetemeka siku zote kwa sababu hukubalansi, habari hiyo utaisikiaje? Ni sawa na mtu aliyefungulia redio kwa sauti ya juu mchana kutwa, halafu jirani anapiga kelele za moto.

Rafiki yangu mmoja, jina nalihifadhi, ana Impreza anayoipenda kama mboni ya jicho. Tairi zake hakuzibalansi kwa ile ile falsafa ya "hata wakimbiaji hawabalansi". Jioni moja alinipa lifti kutoka Mbezi Mwisho. Tulipopita Luguruni usukani ukaanza kucheza. Nikamuuliza, akacheka: "Ndiyo zake hizi, zimezoea." Nilimwomba asimame, akasimama kwa kunung'unika. Nati tatu kati ya tano za tairi ya mbele kushoto zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Siku mbili kabla alizibiwa pancha kwenye gereji moja na hazikukazwa. Gari lilikuwa linamwambia kwa siku mbili, ila yeye alishazoea kutosikiliza. Mazoea yana taabu.

Tairi ile ingechomoka pale ingeelekea wapi? Uwanjani kuna kuta za kinga, mashimo ya kokoto, watu wenye bendera, gari la wagonjwa limewashwa, na dereva ana kofia ngumu na mikanda ya mabegani. Pale Luguruni kuna nini? Kuna wanafunzi wanaovuka, bodaboda zimepanga foleni, na mama anakaanga mihogo pembeni. Yule mama hajavaa kofia ngumu.

Na barabara yenyewe sasa inashawishi. Mwaka 2017 watu wa huku kwetu walivunjiwa nyumba, na mwaka 2018 ukazinduliwa upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha kuwa njia nane. Lami pana, imenyooka. Usiku kuna vijana wanaoigeuza kiwanja. Hao ndio ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kubalansi, lakini ndio wa kwanza kudharau.

Tena kuna ushauri mmoja wa kijinga unaotembea sana: "Ikianza kutetemeka kwenye 90, ongeza mwendo, ukipita 120 inaacha." Ndugu zangu, haiachi. Kila mguu wa gari una mwendo wake ambao mtetemo wa tairi unakutana na mchezo wa springi, vikasaidiana, ndipo mikono inasikia sana. Ukiupita mwendo huo, mikono inasikia kidogo lakini ile nguvu inazidi kupanda. Nimeshawapa hesabu: kilo 8 kwenye 100, kilo 16 kwenye 140. Mikono imepumzika, beringi inapigwa mara mbili zaidi.

Nisiwaonee vijana peke yao. Mafundi nao wana lao. Wapo wanaoweka tairi kwenye mashine ikiwa na tope, wanaacha risasi za zamani mahali pake, wanabandika mpya juu yake, wanachukua hela. Hiyo ni sarakasi. Balansi ya kweli tairi inasafishwa, risasi zote za zamani zinatolewa, inazungushwa, zinawekwa za ndani na za nje, kisha inazungushwa tena mbele ya macho yako mpaka mashine isome sifuri pande zote mbili. Fundi akikataa kuizungusha mara ya pili, chukua tairi zako uondoke. Na ile stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo ni jambo jema, lakini stika haizungushi tairi.

Mtu ataniambia maisha magumu. Ni magumu, nakubali. Lakini gharama ya kubalansi tairi nne haifikii bei ya tairi moja mpya, na tairi isiyobalansiwa inaisha kwa mabaka mabaka kabla ya wakati wake. Anayekwepa gharama hiyo ndogo atailipa kwa tairi, akiwa na bahati. Asipokuwa na bahati, watalipa wengine.

Kwa hiyo mwenye gari la kukimbiza uwanjani: balansi, chora mstari, kagua, balansi tena. Na wewe wa Kibamba unayejificha nyuma ya wakimbiaji, acha kuwasingizia. Kesho ukipita Kibamba Shule usukani ukaanza kucheza, usiongeze mwendo. Simama pembeni, shika nati moja baada ya nyingine kwa mkono wako.

Nawasilisha. Wenye hoja waje na hoja, wenye matusi wakabalansi kwanza.