Mtoto wako anasimama upande gani wa kona?

Jua likianza kulegea, watoto wa Mbuba na vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo vilivyo karibu na barabara kubwa ya kwenda Rusumo wana mchezo wao. Wanakwenda kukaa kwenye kona na kusubiri malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Lori likitokeza, wananyanyua mikono na kuvuta hewani, kama mtu anayevuta kamba ya honi. Dereva akiitikia kwa honi ndefu, ni shangwe.

Siku hizi mchezo umenoga zaidi kwa sababu ya simu. Kijana wa miaka tisa aliyeona vipande vya Safari Rally ya Naivasha kwenye simu ya kaka yake, magari yakiruka na kuacha wingu la vumbi, haoni tena lori la kawaida. Anaona mashindano. Hata gari lake la waya lenye matairi ya kandambili amelipaka namba ubavuni.

Kupenda magari si kosa la mtoto. Kinachopaswa kumkosesha mzazi usingizi ni pale alipochagua kukaa.

Historia ya mbio za magari ina somo chungu juu ya jambo hilo. Tarehe 11 Juni 1955, katika mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, gari la Mercedes la Pierre Levegh liligonga kwa nyuma gari lililokuwa mbele yake, likapaa na kuangukia tuta lililowatenga watazamaji na barabara. Injini na vipande vingine vizito vikaruka hadi katikati ya umati. Levegh alifariki, na pamoja naye watu zaidi ya 80 waliokuwa wamekuja kutazama tu. Wengi wao hawakuwa na muda hata wa kugeuka.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1986, Ureno iliona jambo linalofanana. Katika mashindano ya rali ya nchi hiyo watazamaji walikuwa na tabia ya kusimama barabarani kabisa na kuruka pembeni dakika ya mwisho, wengine wakijaribu kuligusa gari linapopita. Joaquim Santos, akiendesha Ford RS200, alishindwa kulidhibiti gari na likaingia kwenye umati. Watatu walikufa na zaidi ya 30 wakaumia. Dereva mwenyewe alinusurika.

Ndiyo maana leo, katika rali zinazosimamiwa vizuri, watazamaji hawaruhusiwi kusimama upande wa nje wa kona. Sababu yake haihitaji elimu ya chuo. Gari lenye kasi linataka kwenda mbele moja kwa moja. Ni matairi yanayolilazimisha kupinda. Matairi yakishindwa, kwa mvua, kwa vumbi au kwa breki zilizochoka mteremkoni, gari linatoka nje ya kona. Lori lenye shehena ndefu linalalia upande huohuo. Na asidhani mtu kwamba upande wa ndani una usalama kamili: semitrela ikikata kona, mkia wake hujivuta ndani na unaweza kumfagia aliyesimama ukingoni.

Afrika Mashariki ilijifunza haya kwa njia yake. Safari ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara hazikufungwa, na hali hiyo iliendelea kwa miongo mingi. Dereva wa mashindano angeweza kupita kona akakutana uso kwa uso na basi, kundi la ng'ombe au mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Timu tajiri zilifikia hatua ya kurusha helikopta mbele ya gari, ili mtu aliye juu amwonye dereva kwa redio. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yaliyofika mwisho ni saba. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yalikimbizwa kwenye njia zilizofungwa, na watazamaji wakatengewa sehemu zao.

Malori ya Rusumo hayana helikopta, na barabara yake haifungwi.

Upande wa madereva nao una la kumwonyesha mtoto, hasa huyu anayetamani kuwa kama wao. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Dereva wa kiwango hicho hakuponyoka: mwaka 1987 aliumia vibaya katika ajali kwenye mashindano nchini Misri, na mbio zake za ushindani zikaishia hapo. Mwaka 2009 Riyaz Kurji wa Uganda alifariki kwenye ajali ya Pearl of Africa Rally. Hawa walikuwa na mikanda, helmeti, vyuma vya kuimarisha bodi na mtu pembeni aliyewasomea kila kona kabla hawajaifikia.

Halafu kuna kipande cha video ambacho karibu kila kijana amekiona, cha Romain Grosjean huko Bahrain, Novemba 2020. Gari linapasua uzio wa chuma, linakatika vipande viwili, linawaka moto, na baada ya nusu dakika hivi mtu anatoka kwenye ndimi za moto akitembea. Kwa mtoto ni kama sinema: dereva hodari hafi. Hapo mzazi akae naye, arudishe video nyuma, amwonyeshe ule upinde wa chuma uliokinga kichwa, ambao ulikuwa lazima kwa miaka miwili tu wakati huo, nguo zisizoshika moto haraka, na gari la daktari lililofika pale karibu mara moja. Baadaye amwombe alinganishe na bodaboda aliyempeleka sokoni jana, abiria wawili nyuma na kofia ngumu imening'inia kwenye usukani. Au mchomoko uliojaza watu hadi wanapakatana, mikanda imefukiwa chini ya viti.

Kumkataza mtoto barabara kabisa hakuwezekani. Ndiyo njia ya shule, ya maji na ya dukani. Kinachowezekana ni kutembea naye mara moja, taratibu, kwenye njia yake ya kila siku. Atembee upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Akitaka kuvuka, avukie mahali palipo wazi ambapo yeye analiona lori na dereva anamwona yeye, mbali na kona. Na mchezo wa honi uhamie ndani, juu ya kilima au nyuma ya miti, ambako honi bado inasikika.

Baba mmoja alifanya hivyo na mwanawe Jumamosi moja asubuhi. Hakuhubiri. Walisimama mbali kidogo, wakatazama malori matatu yakishuka, kisha akauliza, "Hili likishindwa kukata kona, litakwenda wapi?"

Mtoto alifikiri, akafuata njia ile kwa kidole, polepole. Kidole kikaishia kwenye lile jiwe kubwa ambalo yeye na wenzake hulikalia kila jioni.